Maji ya kisima chetu ni meupe na laini, lakini meno ya mtoto yana madoa ya kahawia: tuchimbe zaidi?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Arumeru, mashariki kidogo ya Usa River. Tulihamia hapa miaka 9 iliyopita, mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, tukachimba kisima cha mita 120. Maji ni meupe, hayana harufu, na sabuni inatoa povu jingi mno. Sasa meno ya mbele ya mkubwa yameota na mistari myeupe na madoa ya kahawia. Mama mkwe anasema ni meno ya ukoo. Wa pili ana miaka 5, wa tatu ana miezi 7 na ameanza uji. Fundi aliyetuchimbia alikuja na kile kipimo cha mkononi, kikasoma 520, akasema maji ni salama, ila kama tuna wasiwasi tushuke hadi mita 200 kwa sababu chini zaidi maji ni safi zaidi. Jirani mmoja anasema tuchemshe kwa muda mrefu, mwingine anasema tutie chokaa kisimani. Tumepeleka maji maabara, majibu ni haya: pH 8.6, upitishaji umeme 810, sodiamu 170, potasiamu 15, kalisi 6, magnesi 3, baikaboneti 410, kloraidi 18, salfeti 25, nitreti 4, floraidi 6.4, vyote kwa miligramu kwa lita isipokuwa hivyo viwili vya mwanzo. Na jambo jingine: bustani ya mchicha tunayomwagilia maji haya, udongo wake unafunga gamba gumu na miche inadumaa. Je, tuchimbe zaidi, au tufunge kisima?*

Marahaba, dada yangu. Nikiisoma barua yako naona kinachokusumbua hasa si kisima, ni huyo wa miezi 7. Umeona yaliyompata kaka yake, hutaki yamfike na yeye. Basi tuanze naye, kina na chokaa tutavifikia. Kuanzia leo, uji wa mtoto huyo usipikwe kwa maji ya kisima hiki. Mengine yote nitakayokueleza yanaweza kusubiri wiki kadhaa mkijipanga. Hilo lisisubiri.

Kiwango cha floraidi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kilichomo sasa katika viwango vya Afrika Mashariki. Maji yenu yana 6.4, zaidi ya mara nne. Mtoto anayekula nusu lita ya uji kwa siku anapata humo miligramu 3.2 za floraidi. Wataalamu wa lishe wa Marekani waliwahi kuweka ukomo wa miligramu 0.9 kwa siku kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12. Habari njema ni kwamba maziwa yako mwenyewe hayana tatizo: hata mama anywe maji yenye floraidi nyingi, inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana. Endelea kumnyonyesha bila hofu.

Kabla sijatafsiri namba zako nilizihakiki, na nawashauri wote wanaopata majibu ya maabara wafanye hivyo. Katika maji, chaji chanya za sodiamu, kalisi na wenzao lazima zilingane na chaji hasi za baikaboneti, kloraidi na wenzao. Majibu yakipishana kwa zaidi ya asilimia 5 hadi 10, kuna kilichopimwa vibaya au kilichosahaulika. Yenu yanapishana kwa takriban asilimia 1. Maabara imefanya kazi nzuri, na hiyo 6.4 naiamini.

Sasa meno. Mama mkwe hajakosea kuona kwamba watu wa ukoo mmoja wana meno yanayofanana, ila kinachowaunganisha ni chanzo cha maji, damu haihusiki. Gamba la nje la jino la kudumu hutengenezwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya jino kuota. Meno ya mbele ya juu huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache na hukamilika akiwa na miaka 4 au 5 hivi. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, seli zinazojenga gamba hushindwa kuliimarisha vizuri, linabaki na vitundu vidogo vidogo. Jino huota likiwa na mistari myeupe, kisha vile vitundu hunywa rangi ya chai na chakula na kugeuka kahawia. Ndiyo maana mtu mzima akihamia Arumeru akiwa na miaka 30 meno yake hayabadiliki, lakini mtoto aliyezaliwa hapo yanabadilika.

Kwa watoto wako maana yake ni hii. Mkubwa ameshapata aliyoyapata, na kubadilisha maji hakutayafuta madoa yaliyopo. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza kwa kusugua tabaka jembamba la juu au kulifunika, na hilo linasubiri hadi akue. Wa miaka 5, meno yake ya mbele yamekaribia kukamilika, lakini magego kadhaa ya kudumu bado yanajengwa hadi kama miaka 8, kwa hiyo bado ana cha kuokoa. Mdogo ana kila kitu cha kuokoa. Mkibadilisha maji ya kunywa na kupikia sasa, ana nafasi nzuri sana ya kuota meno meupe.

Floraidi hii imetoka wapi? Watu wengi hudhani ni uchafu ulioingia kisimani: mbolea, choo, kiwanda. Maji yenu hayaonyeshi dalili hiyo. Nitreti ni 4 na kloraidi ni 18, namba za maji yasiyoguswa na choo wala samadi. Floraidi yenu ni ya asili, na mwenye nayo ni mlima mnaoutazama kila asubuhi.

Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho ulitoa moto kidogo mwaka 1910. Lava na majivu yake ni ya jamii yenye sodiamu nyingi na silika kidogo, inayopatikana katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Ndugu yake wa mbali, Oldoinyo Lengai, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Miamba ya jamii hii ina florini nyingi, iliyojificha ndani ya madini kama apataiti na mika, na ndani ya kioo cha majivu ya volkano. Kwa upande wenu wa mashariki kuna la ziada. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka, na tope, mawe na majivu vikamwagika kuelekea Momella na Ngarenanyuki na kuteremka hadi tambarare. Maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde ya kifusi hicho. Kifusi kilichosagika hivyo kina uso mkubwa wa kugusana na maji kuliko mwamba mzima, na maji hupita humo polepole. Sehemu kadhaa za Arumeru zenye floraidi ya juu sana zimekaa juu ya mashapo ya namna hii.

Lakini kuwa na florini kwenye mwamba peke yake hakutoshi. Iko miamba mingine duniani yenye florini ya kutosha na maji yake ni mazuri tu. Tofauti iko kwenye kalisi, na hapa naomba unifuatilie taratibu, kwa sababu ukishaelewa hili umeelewa povu la sabuni, bustani ya mchicha, na kwa nini fundi wako amekosea.

Kalisi na floraidi hazikai pamoja kwa wingi ndani ya maji. Zikizidi zote mbili hushikana na kuganda kuwa madini yanayoitwa floraiti, yanazama, na floraidi iliyobaki ndani ya maji inakuwa ndogo. Kalisi ndiyo polisi wa floraidi. Kama maji yenu yangekuwa na kalisi miligramu 60 kwa lita, floraidi isingeweza kupita 3 hivi. Kwa kalisi 6 mliyo nayo, nafasi inafunguka hadi karibu 10. Maana yake maji yenu hayajafika hata mwisho wa uwezo wake. Yakiendelea kukaa na mwamba, yanaweza kubeba floraidi zaidi.

Na kalisi imekwenda wapi? Mvua inapozama msituni huko juu hubeba hewa ya ukaa kutoka kwenye udongo na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo hula madini ya mwamba, na kila inapoyala hubaki sodiamu na baikaboneti, huku pH ikipanda (pH ni kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua). Ikifika 8 na kuendelea, baikaboneti hubadilika kwa sehemu kuwa kaboneti, na kaboneti huikamata kalisi na kuigandisha kama chokaa katikati ya mawe. Udongo wa mfinyanzi nao huchukua kalisi kutoka kwenye maji na kuachia sodiamu badala yake. Polisi ameondolewa mara mbili. Halafu, kwa pH hiyo ya 8.6, kuna chembe nyingi zaidi zenye chaji hasi ziitwazo hidroksidi ndani ya maji, nayo ina ukubwa unaokaribiana na wa floraidi kiasi kwamba huingia kwenye kiti chake ndani ya madini na kuisukuma nje. Hivyo maji yaleyale yanayomwondoa polisi ndiyo yanayofungua mlango.

Soma tena majibu yako kwa jicho hilo: sodiamu 170, kalisi 6, baikaboneti 410, pH 8.6. Hata kama maabara isingepima floraidi kabisa, mtu anayeujua ukanda huu angeziona namba hizo nne na kukuambia kapimeni floraidi haraka. Na lile povu jingi la sabuni mnalolifurahia ni kalisi hiyohiyo iliyokosekana. Katika ukanda wa Meru, maji laini mno ni ya kuyatilia shaka.

Hapo ndipo ushauri wa mita 200 unapoanguka. Fundi wako anasema kitu ambacho ni kweli kwa vijidudu: maji ya kina kirefu kwa kawaida yana vijidudu vichache kuliko ya kisima kifupi au ya mto. Kwa floraidi katika mwamba wa volkano mambo mara nyingi ni kinyume. Maji ya chini zaidi yamesafiri mbali zaidi, yamekaa na mwamba muda mrefu zaidi, na yana joto zaidi, na vyote hivyo huongeza floraidi na kupunguza kalisi. Ni kama majani ya chai: kadiri yanavyokaa kwenye maji ya moto ndivyo rangi inavyokolea. Chemchemi nzuri za Meru zenye floraidi ndogo nyingi ziko juu mlimani, karibu na mahali mvua inapoingia ardhini, na maji yake bado ni machanga.

Siwezi kukuapia kwamba mita 200 pale penu lazima pawe pabaya zaidi. Matabaka ya volkano hayana nidhamu. Visima viwili vinavyotenganishwa na mita mia chache vinaweza kutofautiana mara mbili. Lakini gharama ya mita 80 za ziada ni kubwa, na uwezekano wa kutoka na maji ya chini ya 1.5 ni mdogo. Fedha hiyo ina kazi bora zaidi, nitakuonyesha. Kama siku moja mtafikiria kuchimba kisima kingine, kwanza kusanyeni majibu ya maabara ya visima vya majirani, ya kina kifupi na kirefu, na muende Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Maji yenu yamo katika bonde hilo, kibali cha kuchimba kinatoka kwao, na wana kumbukumbu za visima vya eneo.

Kile kipimo cha mkononi cha fundi hakidanganyi, ila hakijibu swali mlilouliza. Kinapima umeme unavyopita kwenye maji na kubashiri jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. 520 ni namba ya maji yenye ladha nzuri. Lakini ndani ya hizo 520, floraidi ni 6 tu; ingekuwa 1 au 10, kipimo kingesoma karibu vilevile. Rangi, harufu na ladha nazo hazisemi kitu. Floraidi hupimwa kwa kifaa chake maalumu maabara, na sampuli ipelekwe kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu kioo hushikana na floraidi.

Nije kwa majirani. Kuchemsha huua vijidudu na kuacha floraidi palepale, huku maji yakipungua kama mvuke. Ukichemsha hadi moja ya tano ya maji ikaukie, 6.4 yako imekuwa 8. Kwa hiyo ule ushauri wa kuchemsha "kwa muda mrefu" ni hatari kuliko kutochemsha. Kama mnachemsha kwa ajili ya vijidudu, yakishatokota vizuri epua. Vidonge vya klorini haviigusi floraidi, wala chujio la mchanga, wala lile la mshumaa wa kauri, wala mkaa wa kawaida wa miti. Na chokaa kisimani usiiruhusu. Wazo lenyewe si la kijinga, kwa sababu chokaa ni kalisi, na nimetoka kukuambia kalisi hukamata floraidi. Tatizo ni kwamba kushuka hadi 1.5 kunahitaji kalisi nyingi mno, floraiti huganda polepole, na chokaa hupandisha pH ya maji ambayo tayari yako 8.6. Mtaharibu pampu na mabomba, na mtakunywa maji yanayochoma ulimi huku floraidi ikiwa bado juu.

Mtasikia pia wazee wakisema serikali iliruhusu hadi 8. Ni kweli, kiwango cha muda cha maji vijijini cha miaka ya 1970 kilikuwa miligramu 8, baadaye kikashushwa hadi 4, kabla ya kufika 1.5 ya sasa. Ile 8 iliwekwa kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na chanzo kingine, na kukosa maji kabisa kuliua haraka zaidi. Haikuwa cheti cha usalama kwa meno wala mifupa.

Sasa la kufanya. Jambo litakalopunguza mzigo kuliko yote ni kukubali kwamba si maji yote ya nyumbani yanahitaji kuwa mazuri. Floraidi inaingia kwa mdomo. Kwa ngozi haileti shida kwa kiwango hiki. Kuoga, kufua, kudeki, kuosha vyombo, tumieni kisima. Mnachohitaji ni maji mengine ya kunywa na kupikia tu, na kwa watu watano ni lita 25 hivi kwa siku.

Chaguo langu la kwanza kwenu ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Bati la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, linakupa zaidi ya lita 38,000. Mnazohitaji kwa mwaka ni 9,000 na kitu. Shida ni kiangazi tu: toka masika yanapokatika hadi vuli, tuseme Juni hadi Oktoba, ni siku 150, yaani lita 3,750. Simtanki moja la lita 5,000 linawavusha. Hizo ndizo fedha nilizosema zina kazi bora kuliko mita 80 za kuchimba. Wekeni gata safi, mwageni maji ya mvua ya kwanza yanayosafisha bati, zibeni tangi lisipate mwanga wala mbu, na maji ya kunywa yatibiwe kwa klorini au yachemshwe. Vuli ikikawia, mnaweza kunyoosha akiba kwa kuchanganya: ndoo moja ya kisima kwa ndoo nne za mvua inakupa 1.3 hivi. Ndoo moja kwa tatu tayari imevuka mstari. Lakini ya mtoto mdogo isichanganywe.

Chaguo la pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa katika joto la nyuzi 400 hadi 500 na zaidi kidogo, bila hewa ya kutosha, hubaki na madini ya mfupa yanayopenda kunyakua floraidi. Ni jambo lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, ambacho kwenu ni jirani kabisa, na vilevile na Kanisa Katoliki Jimbo la Nakuru kule Kenya. Chujio likiwa jipya hushusha floraidi hata chini ya 1. Udhaifu wake ni kwamba huchoka kimya kimya. Maji yanaendelea kutoka meupe huku floraidi ikipita. Kwa makadirio yangu, gramu moja ya mkaa ikishika miligramu 2, kilo 5 zitawapa kama lita 2,000 kwa maji yenu, yaani chini ya miezi mitatu, na baikaboneti yenu nyingi inaweza kupunguza hapo. Kwa hiyo asiye tayari kupima maji yanayotoka kila mwezi asinunue chujio hili. Wala msijichomee mifupa nyumbani: ikiungua kidogo maji yananuka, ikiungua mno inakuwa myeupe na kupoteza nguvu.

Njia ya shabu (chumvi ya alumini) na chokaa kwenye ndoo, iliyotoka Nalgonda huko India, ni ya bei nafuu na imejaribiwa sana Arusha. Kwa 6.4 inahitaji shabu nyingi, inafanya kazi ya kila siku ya kukoroga na kusubiri, na kipimo kikikosewa hubaki alumini kwenye maji. Siipendekezi kwa mama mwenye mtoto mchanga mkononi. Mashine za RO, zinazosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, zinaondoa floraidi vizuri, ila zinataka umeme, zinamwaga maji mengi kama taka, na ule utando wake hubadilishwa. Kwa shule au mtaa zina maana, kwa nyumba moja fanya hesabu kwanza. Maji ya madumu ya dukani yanafaa kwa dharura, kama lebo imetaja floraidi. Na kama bomba la mamlaka linafika kwenu, kabla ya kuunganisha ombeni majibu ya floraidi ya chanzo kinacholisha mtaa wenu, si ya mamlaka nzima.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao watu wanausahau. Magadi. Ukitia magadi kwenye maharage au makande ili yaive haraka, unaweza kuwa unaongeza floraidi, kwa kuwa magadi ghafi ya ukanda huu mara nyingi huwa nayo na kiasi hubadilika kutoka fungu hadi fungu. Acheni, lowekeni maharage usiku. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, kwa hiyo chai ya rangi si kinywaji cha watoto. Maziwa, kinyume chake, wapeni kadiri mnavyoweza: mwili uliokosa kalisi huumizwa na floraidi haraka zaidi. Dawa ya meno msiitupe, bado inalinda dhidi ya kuoza. Kwa mdogo, meno yakiota, tia kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka 5 asimamiwe ateme.

Meno yenyewe si dharura, mpeleke mkubwa kwa daktari wa meno mkipata nafasi. Dalili za kukimbilia hospitali ni nyingine: mtoto ambaye miguu inaanza kupinda au magoti kugongana, au anayelalamika maumivu ya mifupa, mtu mzima ambaye mgongo au shingo vinakakamaa na hawezi kuinama kama zamani. Shirika la Afya Duniani linasema athari kwenye mifupa zinaweza kuonekana kwa maji ya miligramu 3 hadi 6 yakinywewa miaka mingi, na ulemavu kwa zaidi ya 10, kwa hiyo ninyi mko kwenye eneo la kuangalia. Miguu kupinda kunaweza pia kutokana na matege ya kukosa vitamini D au kalisi, na tiba ni tofauti, ndiyo sababu inahitajika picha ya eksirei na daktari wa mifupa, si kubahatisha. Mwenye ugonjwa wa figo nyumbani awe wa kwanza kuhamishwa kwenye maji mengine, maana figo ndizo zinazotoa floraidi mwilini. Na mwambie kila daktari namba yenyewe, 6.4.

Kisima msikifunge. Kuhusu mchicha, ni ileile sodiamu bila kalisi. Kuna kipimo cha uwiano wa sodiamu dhidi ya kalisi na magnesi ambacho wataalamu wa umwagiliaji hukitumia, na kwenu kinatoka 14, ambacho ni juu. Sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, zinaziba matundu ya udongo, maji hayazami, juu panafunga gamba. Changanyeni samadi iliyooza kwa wingi na jasi ya kilimo, ambayo ni kalisi, halafu acheni mvua za masika zisukume sodiamu chini. Kiasi cha jasi kinategemea udongo, kwa hiyo chukueni sampuli ya udongo mpeleke kwa ofisa kilimo kabla ya kununua. Kama mna ng'ombe wa maziwa, nao wapeni maji ya mvua yanapokuwepo ya kutosha. Meno yao pia huliwa na floraidi, na ng'ombe asiyeweza kutafuna hatoi maziwa.

Na mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, pimeni floraidi tena. Majibu uliyonitumia hayasemi sampuli ilichukuliwa msimu gani, na mwisho wa kiangazi maji ya kisima yanaweza kukolea. Nitumie namba hiyo pamoja na ya kisima cha jirani yeyote aliye tayari, na kina chake.